Nani Akae Nyumbani

Nilikuwa natafuta habari za meno, ndipo nikakiona kile kifungu.

Ilikuwa Jumanne, katikati ya Mei, mwaka ule wa korona. Nilikaa peke yangu kwenye chumba cha mapumziko cha kiwanda, viti vingine vyote vimefungwa utepe wa njano, nikipekua kitabu cha mkataba wetu na kampuni. Mimi ndiye mwakilishi wa chama cha wafanyakazi zamu ya asubuhi. Binti yangu Corinne alikuwa ameniomba nimwangalizie bima yake itaendelea mpaka lini. Daktari wa meno alitaka kujua kabla hajamng'oa mawili ya mbele.

Corinne alikuwa na miaka ishirini na minne, na tangu kumi na tisa alikuwa akicheka kwa kuziba mdomo kwa kiganja. Meno yake yalioza mapema kama ya baba yake. Bima yetu hulipia kung'oa, hailipii kuweka. Mwaka ule watu wote wa Ohio walivaa barakoa wakilalamika, isipokuwa yeye. Aliniambia ni mara ya kwanza anatembea dukani akiwa sawa na wengine.

Kiwanda chetu kinaoka mikate. Shule na mahoteli yalipofungwa, mashine ya mikate ya baga ikasimama, na ile ya mikate ya slesi ya madukani ikaongezewa saa. Tarehe kumi na tano Aprili kampuni ikapeleka watu nyumbani. Desturi yetu ni moja tangu enzi za babu zetu: aliyeingia wa mwisho hutoka wa kwanza. Miaka yako kazini ndiyo mali yako. Kwa miaka hiyo unachagua likizo, unachagua zamu, unachagua pa kusimama mbali na tanuri. Na zikija siku mbaya, wewe unabaki, mgeni anaondoka. Hakuna aliyewahi kuipinga.

Halafu serikali kuu ikaamua kwamba kila aliyepoteza kazi aongezewe dola mia sita kwa wiki juu ya posho yake ya kawaida, mpaka mwisho wa Julai. Desturi yetu ikageuka chini juu. Corinne, mwenye miaka miwili tu kiwandani, alipata mia tisa kwa wiki akiwa kwenye kochi langu. Mimi mwenye miaka kumi na saba nilipata chini ya hapo kwa kusimama kutwa nikipumuliana na watu. Kampuni ikatutundikia bango getini: HAPA WANAFANYA KAZI MASHUJAA. Ikatugawia na fulana.

"Shujaa," alisema Duane Kopec, fundi wetu wa mashine ya kukata, akiinyoosha fulana yake juu ya kitambi. "Shujaa hata saizi yake hawaijui."

"Ungekuwa nyumbani ungevaa unachotaka," mtu akamjibu.

"Ningekuwa nyumbani ningevaa kaptula, niko verandani nageuza soseji. Kama binti wa huyu." Akanielekezea kidevu. "Mwambie asiunguze, Loretta. Ni kodi zangu zile."

Nilimwambia akate mikate aache kukata watu. Tulicheka wote, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na mwiba.

Basi siku ile ya Jumanne sikuipata habari ya meno. Nilipata kifungu cha kumi na tisa. Kilisema hivi: kazi ikipungua, mwenye miaka mingi kuliko wote katika idara anaweza kwa hiari yake kupumzishwa badala ya mdogo aliyepumzishwa. Mmoja kwa kila idara. Aandike ombi ndani ya siku thelathini. Atabaki na bima yake kwa miezi sita. Na nafasi yake atajaza yule aliye wa kwanza kwenye orodha ya kuitwa.

Nadhani kiliwekwa zamani kwa ajili ya wazee waliotaka kwenda kuwinda paa msimu ukifika. Tangu niingie sijamwona aliyekitumia. Nani angebadilisha mshahara kwa nusu mshahara?

Nikahesabu kwa vidole. Siku thelathini zingekwisha Ijumaa, zamu yetu ikitoka, saa nane mchana. Mwenye miaka mingi kuliko wote idara ya mikate ni Verna Tolliver, ana ishirini na tisa. Wa kwanza kwenye orodha ya kuitwa, kwa sababu kati ya waliopelekwa nyumbani hakuna anayemzidi miaka, ni Corinne Hudak. Wangu.

Nilifunga kitabu nikarudi kazini.

Lazima nieleze Verna ni nani. Alinifundisha kazi. Siku yangu ya kwanza niliunguza mkono, akaupaka siagi ya kiwanda, kisha akanikaripia mbele ya watu kwa kuvua glavu. Mume wake Arvel alifanya kazi kwenye kinu cha chuma mpaka kilipofungwa, na sasa alikuwa na mapafu yasiyojaza hata puto. Mashine ya oksijeni ilimwimbia mchana na usiku. Korona ikiingia nyumba ile, haingekaa siku tatu kabla ya kumchukua. Verna alijua hivyo, na sote tulijua.

Na hakuwa na pa kutokea. Ukiacha kazi mwenyewe, jimbo halikupi posho wala nyongeza. Ukiomba likizo isiyo na malipo, unakula nini? Mbaya zaidi, bima ya Arvel ilitegemea kazi ya Verna. Kwa hiyo kila asubuhi alikuja, akasimama mahali pazuri alipopachagua kwa haki ya miaka yake, sehemu ya kufungasha, mbali na joto la tanuri. Mwaka ule pale ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote. Watu kumi na wawili, bega kwa bega.

Nilijiambia kwamba sijadanganya mtu. Kitabu kila mmoja anacho. Kutokisoma kwa sauti si dhambi. Nililala na neno hilo.

Jumatano, saa tatu asubuhi, mashine ilisimamishwa. Mtu wa kufungasha, wa pili kutoka alipokuwa amesimama Verna, alikuwa amepigiwa simu akiwa kazini kwamba ana korona. Alitolewa kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Wakaja watu wawili wenye mabomba mgongoni, wakapulizia dawa kila kitu, mpaka kalenda ya ukutani. Baada ya saa mbili mikate ilikuwa inapita tena.

Tulipotoka nilimkuta Verna kwenye maegesho, nyuma ya mlango wa gari lake uliofunguliwa. Alikuwa anavua suruali ya kazi. Ndani alivaa nyingine. Ile ya kazi aliisokomeza kwenye mfuko wa taka akaufunga fundo, halafu akajipulizia kitu viatuni.

"Usisogee," aliniambia.

"Sisogei."

"Tangu mwezi jana nalala kwenye kile kibanda chetu cha magurudumu, uani. Ndugu yake ndiye anayeingia kwa Arvel. Mimi nazungumza naye dirishani kama mfungwa. Jana aliniuliza kama nimempata bwana mwingine." Alicheka. "Sasa leo hii. Hata dirishani siwezi kwenda."

"Kapime."

"Nitapima. Majibu siku nne. Na siku hizo nne niko wapi? Hapa, nafunga mikate." Alifunga mlango wa gari kwa goti. "Nilimwomba Stroud anifukuze. Unasikia? Miaka ishirini na tisa, nimesimama mbele ya meza yake, nikamwambia, nifukuze tu. Akadhani namtania."

Stroud ndiye meneja wetu.

"Loretta," Verna aliita. "Wewe ndiye unayekisoma kile kitabu. Humo ndani hakuna chochote?"

Alikuwa ananitazama juu ya barakoa, macho mekundu kwa dawa ya kupulizia.

"Sijaona," nikasema.

"Haya." Akaingia garini. "Kama hakuna, hakuna."

Ule ndio uongo wenyewe. Si kunyamaza tena. Niliendesha mpaka nyumbani nikapita taa nyekundu moja bila kuiona.

Sikumwambia Corinne siku hiyo. Nilimwambia Alhamisi jioni, mezani. Nilikuwa nimepika kabichi na tambi kwa siagi, chakula cha bibi yangu, laini, kwa sababu daktari alikuwa amemng'oa mawili ya nyuma wiki iliyopita. Alikuwa na furaha. Alikuwa amebandika kwenye friji karatasi ya daktari: juu tarehe ya kung'oa ya mbele, chini tarehe ya kuweka mapya, na kando yake malipo, wiki kwa wiki, mpaka mwisho wa Julai. Mawili ya mwanzo yalikuwa na alama ya vyema.

"Nimeiona habari ya bima," nilianza. "Unayo mpaka Oktoba."

"Oktoba! Basi yatakuwa yamekwisha yote." Akaziba mdomo, akacheka.

"Kuna kitu kingine." Nikamwekea kitabu mbele, kimefunguliwa. Alikisoma kifungu kile mara mbili. Corinne si mjinga, hakuhitaji kuelezwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Verna?"

"Aliniuliza jana. Nikamwambia hakuna kitu."

Alipumua. "Sawa. Basi hakuna kitu."

"Corinne."

"Kesho saa nane kinakufa. Si umesema mwenyewe? Kesho saa nane na dakika moja hakuna kifungu, hakuna kesi. Tule."

"Kuna mtu wa kufungasha amepatikana nayo. Alikuwa wa pili kutoka kwa Verna."

"Na unataka nikakae pale pale."

Hapo alinipata. Nilichezea uma.

"Hapana, subiri nielewe," akasema, sauti imeanza kupanda. "Hii mia sita niliipanga mimi? Niliiomba? Nilitolewa kazini, Mama. Walinitoa. Karatasi ilisema samahani. Nililia kwenye kochi lile pale, na wewe ukasema ndivyo ilivyo, wadogo hutoka kwanza, hata mimi nilitoka mwaka elfu mbili na nane. Vizuri. Nikakubali. Sasa kwa mara moja, mara moja tu, kutoka kwanza kumekuwa kuzuri, na wakubwa wanaitaka na hiyo?"

"Si wakubwa. Verna."

"Verna ana nyumba. Verna ana pensheni. Verna ana meno!"

"Mume wake hana mapafu."

"Kwa hiyo sasa tunapimana viungo?" Alisukuma sahani. "Yangu ni mdomo tu, basi naweza kusubiri. Nimesubiri miaka mitano. Unajua kwa nini niko kwenye tanuri la mikate na si kwenye kaunta ya benki? Unajua. Waliniambia watanipigia. Nilicheka kwenye usaili."

Nilijua. Mimi ndiye niliyemleta kiwandani baada ya hapo.

"Ukikataa kuitwa watakuripoti kwa jimbo," nikasema. "Utapoteza zote, nyongeza na posho."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia nyamaza." Alisimama, akaweka mikono mezani, akanisogelea. "Mama mwingine yeyote mtaa huu angekichana ukurasa ule akawashia moto. Wewe umekuja kuniomba ruhusa. Sikupi."

"Sijaja kuomba ruhusa. Nimekuja kukuambia kabla ya kuwaambia wao."

Kisha akaichukua karatasi ya daktari kutoka kwenye friji, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akatoka kukaa kwenye gari lake. Alikaa humo mpaka giza likaingia, amewasha redio. Mimi niliosha vyombo. Sijui kukaa bure nikiwa na mawazo.

Ijumaa saa nne, wakati wa mapumziko, nilimpeleka Verna kwenye korido ya mashine za soda, ambako hakuna mtu. Nilikuwa nimechapa ombi tayari. Nilimpa karatasi mbili: nakala ya kifungu na ombi.

Alisoma polepole, akiishika mbali na uso kwa sababu hakuwa na miwani.

"Hiki kimekuwemo humu siku zote?"

"Siku zote."

"Juzi uliniambia hakuna."

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Soma mstari wa mwisho."

Akausoma. Niliona macho yake yanasimama pale, yanarudi, yanasimama tena. Orodha ya kuitwa ilikuwa imebandikwa ukutani, hatua tatu kutoka tulipo. Hakuigeukia. Aliijua.

"Corinne," akasema.

"Ndiyo."

"Yule wa meno."

"Ndiyo."

Sasa niseme ukweli, kwa sababu mengine yote nimeshayasema. Nilitegemea angekataa. Katika hesabu yangu yote ya usiku uliopita, mwishoni Verna alikuwa ananirudishia karatasi, ananiambia hawezi kumfanyia mtoto wangu hivyo, tunakumbatiana hewani kama tulivyofanya mwaka ule, na mimi narudi nyumbani nikiwa msafi na binti yangu akiwa na meno. Nilikuwa nimejiandalia zawadi hiyo.

Verna aliiegemeza karatasi kwenye mashine ya soda, akatoa peni mfukoni, akatia sahihi kwa nguvu mpaka ikatoboka.

"Nisamehe," akasema.

"Hakuna cha kusamehe. Ni haki yako."

"Najua ni haki yangu. Nisamehe hata hivyo."

Nilimtafuta Stroud tangu saa nne na nusu. Yuko kwenye simu. Yuko kwenye kikao cha kompyuta. Ametoka kwenda kuangalia lori la unga. Nadhani mtu alikuwa amemdokezea. Saa saba na nusu nilimkuta mlangoni kwake, amevaa koti, funguo mkononi.

"Jumatatu, Loretta," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Leo. Mwisho saa nane."

Aliichukua karatasi kwa vidole viwili, akaisoma amesimama. Stroud si mtu mbaya. Alikuwa na mikate ya kutoa na watu wanaopungua kila siku, na Verna alikuwa anafanya kazi ya watu wawili.

"Hiki ni kifungu cha wakati wa vita vya Korea," alisema. "Siwezi kumtoa mtu wa miaka ishirini na tisa nikamleta wa miaka miwili."

"Si wewe unayemtoa. Anajitoa."

"Vizuri. Kama anajitoa, basi ameacha kazi. Nitawaandikia jimbo hivyo: ameacha kwa hiari. Hatapata hata senti. Kamwambie hivyo, halafu tuone kama bado anaitaka Jumatatu."

Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na nane. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake.

"Mtu anayepumzishwa kwa kifungu cha mkataba wa chama, kwa sababu kazi imepungua, hajaacha kazi," nikasema. "Ni sheria ya jimbo hili, si maneno yangu. Nilisoma sheria za kazi chuo cha jamii, jioni, miaka miwili, Corinne analala chini ya dawati langu kwenye koti. Nina diploma. Ukitaka nitakuletea na namba ya kifungu."

"Niletee Jumatatu."

Akanirudishia karatasi, akanyoosha mkono azime taa.

Sikubishana tena. Nilishika korido nikaenda moja kwa moja kwenye saa ya kugongea kadi, ile tunayogonga tukiingia na kutoka, nikaingiza ombi la Verna mahali pa kadi. Ikalia. Nikachomoa. Pembeni ya sahihi iliyotoboka palikuwa pamechapwa kwa wino wa zambarau: 15 Mei, saa saba na dakika arobaini na moja. Duane alikuwa amesimama nyuma yangu na kadi yake mkononi.

"Umeona saa?" nikamuuliza.

"Nimeona."

"Na jina?"

Akainama akasoma. Akaisoma yote, mpaka mstari wa mwisho. Nilingojea dhihaka. Alijikuna shingo tu.

"Nimeona na jina," alisema.

Nilirudi kwa Stroud, Duane nyuma yangu, nikaiweka karatasi mezani. Meneja aliutazama ule wino kwa muda mrefu. Mashine ile imetukata mishahara kwa dakika tatu za kuchelewa miaka yote hii. Hakuna aliyewahi kushinda kwa kubishana nayo, na yeye alijua kuliko sote.

Akavua koti. Akakaa.

"Unajua ninayepaswa kumpigia simu sasa hivi," alisema.

"Namba yake naijua kwa kichwa. Nikutajie?"

Akabonyeza kipaza sauti, labda ili nisikie. Iliita mara nne. Corinne akapokea.

"Haloo."

"Corinne, ni Stroud wa kiwandani. Kuna nafasi imefunguka, na wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha. Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Nalazimika kukuambia kwamba ukikataa nitaripoti kwa jimbo, na posho yako itakatwa."

Nyuma yake ilisikika televisheni ya jirani.

"Mama yuko hapo?" akauliza.

"Yupo."

"Mwambie nimesikia."

Simu ikakatika. Duane alitazama viatu vyake. Saa nane ikagonga, zamu ikatoka.

Jumamosi na Jumapili tuliishi kama wapangaji wawili wasiojuana. Alimpigia daktari wa meno akiwa bafuni, maji yanamwagika, lakini kuta zetu ni nyembamba. Nilimsikia akiuliza kama ya mbele yanaweza kusubiri mpaka Krismasi. Nilimsikia akisema hapana, asing'oe kwanza, bora yabaki hayo hayo mabovu kuliko pengo. Nilienda uani nikang'oa magugu yasiyohitaji kung'olewa.

Jioni ya Jumapili Verna alinipigia. Alikuwa amepima, majibu bado. Alikuwa bado kwenye kibanda chake.

"Majibu yakiwa mazuri naingia ndani," alisema. "Arvel amenyoa ndevu. Anasema hawezi kupokea mgeni akiwa hivyo." Akakohoa kidogo, nikashtuka, akasema ni vumbi. "Mtoto yukoje?"

"Hasemi."

"Haya. Sitakuambia asante, Loretta. Nikisema asante itakuwa kama ulinipa chako."

Kweli, sikuwa nimempa changu. Nilimpa chake, nikatoa cha mtoto wangu.

Jumatatu saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa mbele ya ubao wa nafasi. Kila Jumatatu tunajiandikisha pa kusimama, mwenye miaka mingi kwanza, kalamu inashuka mpaka kwa wadogo, na wadogo siku zote huangukia mdomo wa tanuri. Pale unapokea trei za chuma zinazotoka, mbili kwa mbili, uso umekauka, na barakoa hulowa kabla dakika kumi hazijapita. Sehemu ya kufungasha palikuwa na nafasi ya Verna, wazi. Na sehemu ya unga, nafasi yangu ya miaka minane, baridi kidogo, dirisha kubwa, mtu mmoja tu kwa upande.

Duane aliandika lake la kila siku, akanipa kalamu. "Ya unga," alisema, kama kunikumbusha.

Corinne alikuwa amesimama mwisho wa mstari, kofia ya nywele imemshuka mpaka nyusi, barakoa imepanda mpaka macho. Tulikuwa tumekuja kwa magari mawili.

Niliteremsha kalamu mpaka chini kabisa ya ubao. Tanuri hupokewa na watu wawili. Kwenye nafasi ya kwanza ya mdomo wa tanuri nikaandika HUDAK, L.

"Umepotea mstari, dada," alisema Duane.

"Nimesoma vizuri."

"Miaka kumi na saba, unaenda kusimama pale? Huwezi kumrudishia meno kwa kuungua naye."

"Siwezi. Kata mikate, Duane."

Kalamu ilizunguka mkono kwa mkono, ikamfikia Corinne ikiwa imebaki nafasi moja tu. Alilisoma jina lililo juu yake. Akaandika lake chini, herufi kubwa, akaiacha kalamu ikining'inia kwenye kamba.

Tulisimama pale, yeye kulia, mimi kushoto, mlango wa chuma katikati yetu bado umefungwa. Joto lilikuwa limeanza kutupiga magotini. Hakunitazama.

"Usidhani hii inafuta kitu," alisema.

"Sidhani."

"Bado nimekasirika. Nitakasirika mpaka Julai. Labda na baadaye."

"Sawa. Vaa glavu zote mbili."

Kengele ikalia, mlango ukainuka, na trei ya kwanza ikaja.